Kisimamo cha Farasi

Ukumbi wa Kaloleni, saa kumi na moja alfajiri.
Mwalimu Khaemba, akitoka lindoni, koti lingali mwilini,
aliniwekea pajani kikombe cha chai,
kile cha bati kilichobanduka rangi:
"Kisimwagike."

Miezi mitatu. Si ngumi, si teke.
Magoti yakilia kama bawaba kavu
nilimlaani kimoyomoyo,
yeye na Wachina wake wa kale.

Jana, foleni ya Kenyatta,
faili la mama kwapani,
karani akaniambia mara ya nne: rudi kesho.
Ngumi ilijikunja yenyewe.

Nikashusha kiuno kidogo,
nikavuta pumzi hadi chini ya kitovu.
"Nitangoja hapa," nikasema.

Na ile chai, pajani,
ilitikisika tu.