Kurasa Baada ya Mwisho

Kitabu namba mia nne na sita: jalada nimelibandika kwa uji wa muhogo.
Mchwa wa Hombolo walionja ukurasa wa kwanza, wakaacha.
Kwenye rejista kimeazimwa mara thelathini na moja,
kuliko hata kile cha majibu ya hesabu.

Ni riwaya ya vijana. Mvulana anachukuliwa vitani,
anavuka mto, anapoteza rafiki, anajifunza kuua
na kuona haya. Ukurasa wa mia moja tisini na mbili anarudi.
Mama yuko mlangoni, kanga begani.
Wanakumbatiana. MWISHO,
kwa herufi kubwa, kama komeo.

Juzi Julitha Mahelela wa Kidato cha Tatu alikirudisha,
siku tisa baada ya tarehe.
Nikapekua kama kawaida yangu: kurasa zilizokunjwa masikio,
madoa ya mlenda, barua za mapenzi.
Chini ya MWISHO ule, wino wa bluu:

    Si kweli. Babu alirudi kutoka Kagera mwaka sabini na tisa.
    Bibi alikuwa mlangoni. Alimpita.
    Akaenda zizini, akahesabu ng'ombe, akahesabu tena,
    akalala hukohuko na viatu.

    Mpaka leo bisi zikianza kulipuka sufuriani
    anatoka nje. Anasema anakwenda kuangalia zabibu.
    Zabibu zilishavunwa.

Sheria niliibandika ukutani mwenyewe:
KUANDIKA KITABUNI, FAINI SHILINGI ELFU MBILI.
Nikachukua kitabu cha risiti, nikaandika Juli,
kisha kidole kikageuza karatasi.

Hakuwa wa kwanza.
Kwa penseli, ya mtu anayekandamiza, Elifasi Chidumizi
aliyemaliza mwaka juzi, hesabu sifuri, Kiswahili sifuri:

    Baba mkubwa hakurudi. Lilirudi sanduku lake la chuma.
    Tunawekea mbegu za uwele.
    Hakuna aliyetuambia tuliwekee nini.

Na pembeni kabisa, bila jina, herufi ndogo kama sisimizi:

    Mama yangu ametokea ng'ambo, kwenye mto kama huu wa ukurasa 88.
    Nilimuuliza ulikuwa na kina gani.
    Akaniuliza kama nimekula.

Madirisha ya maktaba hayana vioo. Upepo wa Agosti
uliingia na vumbi lake jekundu, ukakaa kwenye kila kitu,
hata kwenye neno sifuri nililowahi kulipigia mstari.

Mimi nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka malori
yakipita barabara kuu, turubai zimefungwa,
na sisi watoto tukikimbia pembeni, tukipiga makofi
kama tunaupokea Mwenge.
Mmoja alitutupia biskuti. Sikumbuki uso.
Nakumbuka biskuti.

Usiku nikachukua sindano ya magunia na uzi,
nikashona karatasi tupu kumi na sita nyuma ya MWISHO.
Mkaguzi akija ataniuliza kwa nini kimenenepa.

Leo asubuhi Julitha kaja na noti ya elfu mbili,
imekunjwa mpaka imekuwa kama kipande cha sabuni.
"Kanipa babu. Ni kosa lake. Kusoma hajui,
akataka nimsomee chote, jioni tisa."

Nikamuuliza, alisemaje?

"Alinyamaza tu, mwalimu. Kwenye mto alinyamaza.
Rafiki alipokufa akaomba maji.
Tulipofika kwa yule mama mlangoni ndipo akauliza,
huyo mama alikuwa amepika nini?
Nikamwambia kitabu hakisemi."

Akaitazama sakafu.

"Bibi alikuwa jikoni. Sikujua anasikiliza.
Akasema, mlenda. Ulipoa."

Kengele ya kipindi cha pili ikagongwa, akakimbia.
Noti iko mezani, nimeikandamiza kwa chupa ya gundi.
Rejista ina safu tano.
Sijui niiandike ipi.