Karani

Sohar haina treni ya abiria.
Nimemwambia Sleyum asubuhi, nimemwambia adhuhuri,
na sasa kanzu keshaivaa, kofia keshaikaza,
kasimama mlangoni na mfuko wa plastiki
wenye mswaki, shuka, na tende za njiani.
"Zuwena, tutachelewa. Ya saa kumi hiyo."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani bandarini,
akipokea makontena ya Mchina, kalamu sikioni:
vigae, feni, baiskeli za watoto, sahani kwa maelfu.
Siku aliyostaafu wenzake walimletea keki.
Yeye akasema, "Vitu vyao vyote nimevihesabu.
Sasa nataka kuona vilikotoka."

Basi tukenda. Guangzhou tukapanda treni,
saa nane na ushei hadi Xi'an,
Chang'an ya zamani, makao ya wafalme.
Treni yenyewe skwambii: chai haikutikisika kikombeni.
Nikamkumbuka bibi, aliyepanda ya Bububu
angali na meno ya utoto,
akazeeka akiiga mlio wake, bu, bu, bu,
na cheche, alisema, zilimtobolea mama yake kanga.
Hii haikusema bu. Milima tu ikifungua na kufunga,
kiza, mwanga, kiza,
kama mtu anayetafuta kitu kabatini.

Ukuta wa mji tuliutembea juu, goti langu likanung'unika.
Msikitini, paa limepinda ncha
kama ukili uliosahauliwa juani,
mzee mwenye ndevu za kuhesabika alitupa salamu.
Salamu tuliielewa. Yaliyobaki tulichekeana.

Kisha lile jeshi la udongo.
Watu wanapiga picha, Sleyum anahesabu.
Kidole hewani, midomo inatembea,
safu kwa safu, farasi mbali, watu mbali.
Mlinzi akatutazama. Nikamvuta kanzu:
"Twende, baba, basi linaondoka."
"Ngoja," akasema. "Hawa hawajatimia.
Na hati ya mapokezi kaweka nani?"
Nilicheka hadi machozi.
Nilidhani ni mzaha.

Miaka sita sasa.
Jina la mwanetu Ghanima humponyoka,
hajui kama kala au hajala,
lakini kiti chake anakijua: behewa la saba, dirishani.

Leo sikubishana. Nilichukua ufunguo wa gari
nikampeleka nyuma ya mji, wanakotandika reli.
Vumbi, matingatinga, kijana wa kofia ya njano
akatuinulia mkono tusimame.
"Mwache, mwanangu," nikamwambia. "Huyu karani."
Sijui alisikia nini katika sauti yangu.
Aliishusha kamba.

Sleyum akaweka mfuko chini, akapandisha kanzu kidogo,
akaanza. Taruma la kwanza, la pili, la tatu,
mgongo umenyooka kama wa zamani,
nami nyuma yake na mwavuli,
na kijana nyuma yangu na chupa ya maji,
msafara wa watu watatu usiokwenda popote.

Alipogeuka uso wake ulikuwa wa kazini.
"Andika. Mia na arubaini na mbili.
Moja lina ufa."

Sikuwa na kalamu.
Nikatoa wanja mkobani,
nikaandika kiganjani.