Ya Arobaini na Moja

Kioo nimekiosha kwa sabuni, kisha kwa spiriti,
mpaka kikawa hakina habari ya mkono wangu.
Nje, Chumbageni imeshalowa jasho tangu saa mbili;
hewa ya hapa ina chumvi, inakula bawaba,
inakula vijiko, inakula na subira.

Shemdoe ananiuliza kwa simu, yuko Dar:
"Umechagua kipi?" Kana kwamba nachagua khanga.
Khanga unaifunua, unasoma jina lake, unalipa.
Hivi vina namba tu, ndefu kama mkia wa kima:
kimoja chekundu, choya iliyochemka ikasahauliwa,
kingine buluu inayokaribia weusi,
vimekuja kwa posta, gramu moja moja,
kwa bei ambayo ningeezekea banda.

Nyekundu ni mtoaji. Buluu ni mpokeaji.
Mwanga ukigonga, elektroni hushtuka, huruka,
na nyuma yake hubaki tundu, linaiita.
Safari yao ni fupi (chukua unywele,
uupasue mara elfu kumi)
wafike mpakani kabla hawajarudiana.
Wakirudiana ni joto tu. Kioo kinapata moto,
waya hauna la kusema.

Basi napima kama mshenga.
Ngazi kati ya nyumba mbili,
ikiwa fupi mno, bi harusi hatoki;
ikiwa ndefu mno, anatoka, anaporomoka,
na volti zake zinamwagika njiani.
Nimeposwa mara mbili. Ngazi nazijua.

Utando nao una ugomvi wake.
Ukiwa mnene, umeme unapotea ndani kama mgeni Ngamiani
anayehesabu barabara, ya tisa, ya kumi,
akaikosa ya kumi na moja.
Ukiwa mwembamba, jua linapita bila hodi.
Na kiyeyushi kikichelewa kukauka, kila mmoja anarudi kwao,
mabonge mabonge, uji uliokorogwa na mvivu.

Mwezi uliopita buluu ilinipa asilimia saba.
Nilipiga kelele peke yangu;
Bi Mwanakombo akaja na ufagio, akidhani nyoka.
Siku ya tisa: mbili nukta moja.
Unyevu ulipenya pembeni, kwenye gundi,
kama siri ya ndoa inavyopenya ukuta.

Nikaitia buluu koponi, nikakaza kifuniko.
Nyekundu nikaibadilishia mwenza, haikulalamika:
kahawia, ile aliyoidharau Shemdoe,
asilimia nne na nusu, basi.
Vioo vinane nimeviunga, nikavilaza juu ya mabati.
Siku ya ishirini na sita leo.
Vuli imevipiga, jua limevipiga,
na feni ya plastiki, ya kuchezea watoto, bado inazunguka,
polepole, kama inayofikiri.

"Inachaji simu?" Bi Mwanakombo ameuliza.
Bado.
"Inafanya nini sasa?"
Haijafa.

Ameitazama kitambo, mikono kiunoni.
Halafu: "Na ile ya buluu, kama unaitupa,
nipe mimi. Rangi yake nzuri."