Njoo Unicheke

Ghala, dobi ya hoteli. Mvuke unatupika
mimi na Nyevu, mashuka mia mbili kabla ya adhuhuri.
Tulikunja pembe kwa pembe,
na kila tulipokutana katikati ya shuka
mmoja wetu alikuwa na kejeli tayari.

"Mungu wenu ana masikio mazito?
Mbona mnampelekea gitaa, ngoma na spika mbili?"
"Na nyinyi? Mnaamshwa na mnara mzima alfajiri,
kisha mnarudi kulala."

Nikamwambia bibi yangu wa Pangani
huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe,
akaiosha kwa maji, tukanywa, homa ikashuka.
Nyevu alicheka hata pasi ikaunguza foronya:
"Kumbe mnakunywa madaftari!"
Tulikatwa baisa mia tano kila mmoja. Haikuniuma.
Nami nilimwuliza mkate wa kanisani kwao
ni kidari au ni paja,
akanirushia taulo bichi.
Maya wa Pokhara, mwenye wekundu katikati ya nywele,
alitutazama kama watoto wanaogombania kivuli.

Kisha ikaja ile fleti ya Wadi Kabir,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi.
Nabii Elkana, mtu wa sauti ndogo (sikumtarajia hivyo),
na chupa ya mafuta ya upako.
Lebo imebanduliwa, bei imesahaulika chini ya kitako:
riali moja na baisa mia mbili.
Nikamwonyesha Nyevu. Nikangoja.
Shuka lilikuwa kati yetu, limenyooka.
Akakunja pembe zake, akasema,
"Hatuchezei."

Hatu. Nani hao?

Mshahara riali tisini, sitini zikapanda ngazi zile.
Picha ya mama yake wa Kaloleni ikatoka ukutani,
mama hajatakaswa vya kutosha.
Akapewa jina jipya. Nikiita la zamani hageuki.

Nimejaribu kupima tofauti kwa mizani ninayoijua.
Si ajabu ya wanachoamini:
ajabu ikilala miaka elfu huamka ikiitwa desturi,
na mimi ndiye niliyekunywa daftari.
Si uchache wao, kila jamaa kubwa ilianza na mkeka mmoja.
Wala sitasema kwetu hakuna kufuli.
Shangazi yangu aliolewa na mtu wa kanisani,
jina lake halitajwi kwenye hitima zetu.
Chuoni, Makame aliuliza swali moja kuhusu mbingu,
akachapwa hadi akajikojolea,
na sote tukainamia juzuu.

Lakini Makame alikua, akaacha kuswali,
akafungua duka la simu karibu na kivuko,
na mwalimu yule yule hununua vocha kwake,
hutaniana, huombana punguzo.
Hilo ndilo nililoshika. Ni dogo, halitoshi.

Ijumaa nilikwenda.
Viatu vimepangwa mlangoni, kama vyetu.
Vya Nyevu nilivijua, kisigino kimoja kimelika.
Mnyororo. Nusu ya uso wa mwanamume.
"Hatuna Nyevu hapa."
"Viatu vyake hivi."
Akavitazama. Akavivuta ndani kwa mguu,
kimoja, kisha cha pili,
akafunga.

Sasa nakunja na Maya. Mikono yake mifupi,
shuka linaburura sakafuni,
na Kiswahili chake bado hakijafika kwenye utani.

Jana usiku nimemwandikia:
nina homa, nimekunywa daftari zima
pamoja na jalada. Njoo unicheke.

Tiki moja. Ya kijivu.