Mpini wa Mkunazi

Kamera ya Badriya ni chuma kitupu,
nzito kama pishi ya mchele, mraba kama tofali, haina pa kushikia.
Miaka ishirini na mitatu aliipeleka kwenye harusi za wanawake,
Barka, Rustaq, mpaka Sur,
kule ambako mpiga picha mwanamume haoni hata kizingiti.
Haikumponyoka hata siku moja.
Tangu kiharusi cha mwaka juzi
kidole chake cha pete na cha mwisho vimekuwa wageni mkononi:
wapo, wamekaa, hawasaidii kazi.

Nikasema nitamchongea mpini.
Akacheka. "Wewe? Wa kabati lililoanguka kwa kupigwa salamu?"

Nilikuwa na tawi la mkunazi wa nyumba ya Ibra,
walilolikata watu wa manispaa wakipanua mtaro.
Miaka mitatu juu ya paa, kando ya tangi la maji,
limekauka hadi ukiligonga linajibu.
Jirani Mhenna akalitazama. "Mti wa kuoshea maiti huo."
"Na kunazi zake," akasema Badriya, "ulikuwa ukijaza mfuko wa nani?"

Nafanya kazi baada ya Alfajiri, garejini,
maana ikifika saa tatu hapa Sib chuma hakishikiki.
Msumeno, patasi, halafu tupa.
Lugha yetu ina mzaha wake:
chombo cha kurekebisha kimepewa jina la kukata tamaa.
Tupa, inaniambia. Situpi.

Mpini wa kwanza ulikuwa mzuri.
Mabega ya mviringo, nta iking'aa,
mistari ya mti ikiteremka kama maji ya falaji.
Badriya akaugeuza, akaugeuza tena.
"Huu wa kuwekwa kabatini," akasema,
"kama litasimama."

Wa pili niliuchonga usiku, yeye amelala.
Wiki mbili: napunguza, najaribu, napunguza.
Ulipokaa sawasawa nikamwamsha.
Aliushika kitambo, akanirudishia bila neno,
nami nikaona. Ulikuwa umenikaa mimi.
Miaka thelathini na minne nimeushika mkono ule,
barabarani, uwanja wa ndege, kitanda cha hospitali,
kumbe nilichokijua
ni mkono wangu ukiwa umeushika.

Wa tatu, alileta wanja.
Akajipaka kiganja kizima kama anayepaka mkate siagi,
akakamata mti mbichi, akauachia.
Palipogusa, peusi. Pasipogusa, mti mtupu.
"Toa hapa. Hapa usiguse. Hapa pananisukuma."
Napiga tupa. Anapaka. Anashika.
Mara kumi na moja asubuhi ile,
mpaka shuka la kufutia likawa kama uso wa bibi harusi aliyelia.
Chini ya vidole vile viwili
nikachimba kibaraza, kina cha punje ya ngano,
wageni wakae tu, wasiombwe kitu.

Agosti hewa ikaloa, mti ukavimba, skrubu ikagoma.
Nikaparua unene wa ukucha. Msasa, mafuta, basi.

Alianza na paka wa Mhenna.
Akapiga ndoo, akapiga kamba ya nguo,
akapiga kisigino changu bila kunitaka radhi.
Ya thelathini na sita, wenzo ukakwama,
na hapo ndipo tulipogundua:
kitufe cha kurudishia filamu kiko chini ya kamera,
na mpini wangu umekilalia.

"Nitatoboa tundu," nikasema, nimeshainuka kutafuta keekee.
"Kaa."
"Dakika mbili tu."
"Kaa, nimesema. Una baisa hamsini?"

Nikafungua skrubu kwa sarafu.
Mti ulitoka na joto la mkono wake.

Tundu sijatoboa.
Sarafu ile haitumiki dukani, inakaa mfuko wa kanzu,
hata ya Ijumaa,
na kila picha thelathini na sita
naitwa.