Miaka Sita Iliyobaki

Mwenye jengo kajibu baada ya wiki tisa:
ameridhia. Mkataba uhamishwe,
miaka sita iliyobaki aichukue Rebwar, kinyozi,
nami Eluned, niuzaye nyuzi za sufu hapa Swansea
tangu paa halijaanza kuvuja,
nibaki mdhamini.
Yaani asipolipa yeye, nitadaiwa mimi.

Wakili akauliza: umekielewa kifungu cha saba?
Nikasema nimekielewa. Sikumwambia
kwamba jana Rebwar alipima ukuta kwa hatua zake,
akagusa msumari wa koti langu,
akauliza, huu niuache?

Nikatia sahihi.
Funguo mbili nimempa.
Wa tatu, wa mlango wa nyuma unaokwama mvua ikinyesha,
umo mfukoni bado;
mkataba haukuutaja.