Mstari wa Kumi na Tatu

Mimi ndiye mshika daftari.
Trekta la bonde zima la Cheju, saa zake, dizeli yake,
nani kalimiwa, nani bado, nani kaja kugombea zamu,
yote yamo humu, kwa mkono wangu.

Ukurasa wa kushoto ni wa ukaguzi.
Oili. Maji ya rejeta. Upepo wa magurudumu.
Feni belti: ibonyeze kwa dole gumba.
Kikombe cha dizeli: fungua, mwaga maji yaliyotuama.
Hivyo mpaka kumi na mbili, kwa chapa.
Wa kumi na tatu kauongeza Ngwali kwa kalamu ya risasi:
*Nipeli ya pini, ekseli ya mbele. Lala chini.*

Ngwali Makame hakuwa mtu wa maneno.
Alfajiri, umande ungali majanini,
ungekuta miguu yake tu, na viatu vya mpira,
imechomoza chini ya tumbo la chuma.
"Kalala tena!" walicheka wanawake
wakishuka bondeni na miche vichwani.
Wakampa jina: Ngwali Kitanda.
Nami nilicheka.
Daftari halina mstari wa kicheko.

Kumbe yuko na bomba la grisi,
anahesabu kwa kunong'ona, ya kwanza, ya pili,
mpaka ile kuukuu itoke, nyeusi, na mchanga wake,
ifuatwe na mpya, rangi ya samli.
Hapo husema "haya",
kama mtu aliyemlisha mgonjwa, mgonjwa akashiba.

Goti lilipomkataa akarudi kwao Pemba.
Hatukumuaga vya kuagana.
Bomba aliliacha msumarini, limeviringwa kipande cha kanga.

Akaja Ussi. Kijana mzuri, wallahi, simsemi vibaya:
akilima, matuta hunyooka kama ukindu uliochanwa.
Jumatatu ya kwanza akaniomba kalamu,
akatia tiki za wiki nzima,
kumi na tatu mara sita, sabini na nane,
chai yangu haijapoa.
"Bi Subira, mashine nzima hii. Hebu isikilize."
Nikaisikiliza. Iliunguruma vizuri.
Nikageuza ukurasa.

Pini haina mdomo.
Tope la bonde likikauka ni msasa,
nalo halina haraka:
leo unene wa unywele, mwezi ujao unene wa ukucha,
huku juu dereva anapiga mluzi.

Siku ya tisa ya masika, shamba la Time Pandu,
nusu limeburugwa, nusu bado nyasi,
trekta likapiga magoti.
Gurudumu moja linatazama Jozani,
la pili linatazama mjini.

Fundi akaja, akaingiza kidole, akakitoa.
"Pakavu. Hapa pameona grisi lini?"
Ussi akanitazama mimi.
Mimi nikalitazama daftari.
Daftari likasema: jana.

Pini mpya ilichukua siku ishirini na tatu.
Miche ya Time iligeuka manjano kitaluni,
majembe ya mkono yakashushwa darini,
na mvua, ambayo haikuandikwa zamu na mtu,
ilinyesha, ikapita.
Time hakunigombeza. Alikuja kuuliza kitu kimoja tu:
ile nusu, atalipa nusu?
Nikaandika *nusu*. Mkono ulikuwa mzito.

Siku hizi natandika gunia.
Naufunga mtandio nyuma ya shingo, najisukuma kwa visigino,
na Ussi ananimulikia tochi, kimya,
kalamu iko mfukoni mwangu.
Chuma kinanuka karibu na uso kama sarafu ya zamani.
Nyayo zinapita pembeni, vicheko, miche inadondosha maji.
"Bi Subira naye kalala!"

Siwajibu.
Nimefika pampu ya tisa,
na bado inatoka nyeusi.